Sahani Moja ya Kombe kwa Huzuni Mbili

Wanangu mnaojifunza kazi hii, mtu akija mlangoni na kuwaambia, "Nipeni dawa ya huzuni," msikimbilie kalamu. Mwulizeni kwanza: huzuni ya nani? Mimi nilichelewa kujua kwamba swali hilo ni nusu ya kazi, na nilipolijua nilikuwa tayari nimekaribia kumwua mtu kwa maandishi mazuri.

Nimeiacha kazi sasa. Vidole vinatetemeka, na mstari niliozoea kuuzungusha ukingoni mwa sahani bila kuinua mkono huniponyoka kabla haujafika nusu. Kasongo ile, mji wa bara nilikofanyia kazi, nayo haipo tena pale ilipokuwa. Vita vilipita, nyumba za waungwana zimeota nyasi. Hata hivyo nikifumba macho asubuhi naiona. Ukungu umelala juu ya mashamba ya mpunga, migomba inaelea bila mashina, na mahali fulani ndani ya weupe ule mtu anatwanga. Mdundo wa mchi unakufikia, lakini mtwangaji humwoni. Hivyo ndivyo wagonjwa wangu wanavyonijia siku hizi: kwanza sauti, halafu mkono, na uso huchelewa.

Nilisoma chuoni kwa Mwalimu Hamadi, mtu wa pwani ya Mrima aliyefika kwetu na msafara akiwa na makasha mawili, moja la nguo na moja la vitabu. La nguo liliibiwa njiani, naye akashukuru. Kwake nilisoma Kurani, kisha sarufi, kisha tiba. Nilipohitimu alinipa kitabu chake cha tiba, kilichonakiliwa kwa mkono na kufungwa kwa ngozi ya mbuzi, akaniambia nikitunze kuliko meno yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba dunia inaugua kwa sababu haijasoma.

Kitabu kile kilisema mwili wa mwanadamu unatawaliwa na vimiminika vinne: damu, safura, balghamu na sauda. Mwenye damu nyingi hucheka na kusahau. Mwenye safura huwaka. Mwenye balghamu huenda polepole kama konokono wa masika. Mwenye sauda huwaza, na huzuni hukaa kwake kama mgeni asiyeaga. Niliyapenda mafundisho hayo kama kijana anavyopenda ufunguo mpya: kila ukuta nikauona ni mlango. Niliwagawa watu wa soko zima la Kasongo katika mafungu manne. Mwalimu mwenyewe nilimtia katika safura, siku aliponichapa kwa kuandika aya bila udhu.

Sisemi kwamba mafundisho yale ni ya uongo. Watu hawazaliwi na moyo wa namna moja, na kila mama aliyelea watoto watatu analijua hilo bila kitabu. Nasema tu kwamba ni nusu ya habari.

Kuhusu kombe lenyewe, yaani aya zinazoandikwa sahanini kisha zikaoshwa na kunywewa, shikeni haya. Sahani iwe nyeupe na isiwe na ufa, maana wino huingia ufani na mgonjwa ataona umemnyima. Zafarani ikikosekana, na ilikosekana kila msafara wa pwani ulipochelewa, tumieni manjano iliyochujwa kwa kitambaa mara mbili. Andikeni kwa tete lililochongwa upya. Acheni ikauke kivulini, kisha osheni kwa maji kidogo, kwa sababu mtu mwenye huzuni hawezi kunywa mengi, na akiyabakiza atajilaumu kwa hilo pia. Wala msikasirike wakiwatania. Mkulima mmoja wa mpunga alikunywa kombe langu la kwanza, akalamba midomo, akasema maneno ni matamu lakini yangetiwa chumvi kidogo.

Mgonjwa aliyenifanya nijione bingwa alikuwa Fundi Makame, mchonga milango. Mtu mwembamba, mweusi wa kung'aa, wa maneno machache tangu utoto, sauda tupu. Kila mwaka mvua za mwisho zilipokatika, huzuni ilimshukia bila kubisha hodi. Hakufiwa, hakugombana na mtu, kazi zilimngoja. Aliamka tu siku moja mikono ikiwa mizito. Nilipomhoji kwa maswali yote ya kitabuni, alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Maalimu, usiniulize sababu," aliniambia. "Kama kungekuwa na sababu, mimi ningeipiga randa zamani."

Nikamtibu hivi: siku saba ndani, chumba chenye giza kidogo, kichwa kimefunikwa kwa shuka, zana zote zimetolewa nje, asifanye kazi yoyote. Kombe asubuhi, uji wa mchele na asali jioni. Siku ya nane alitoka mwenyewe, akaketi kibarazani, akaomba patasi yake. Mji mzima ulisema, nami nikasikia ukisema.

Nilichoona ni kwamba nilimfungia mtu akapona. Yaliyokuwa upande wa pili wa mlango sikuyaona. Mkewe alikaa pale nje siku zote saba akipeta mchele na kuzungumza na majirani, ili mumewe asikie watu bila kulazimika kuwajibu. Karakana ilikuwa inamngoja, na mlango mmoja mkubwa ambao, nilikuja kujua baadaye, aliuacha makusudi bila kuumaliza mwaka hadi mwaka, ili mikono yake ikianza kupata nafuu ipate ua moja dogo la kuchonga, si kazi ya mtu anayeharakisha. Alikuwa na jina, nyumba, mke na desturi yake mwenyewe ya kuugua na kurudi. Mimi niliongeza sahani tu.

Na msidhani huzuni hukaa kwa wanyamavu peke yao. Mama Tabu, muuza vitumbua, alicheka mpaka watu wakavuka soko kuja kumsikia. Mwaka ule mwanawe alipoondoka na msafara bila kumuaga, vicheko viliongezeka badala ya kupungua, vikawa na meno. Aliwatania wateja mpaka wakarudisha vitumbua. Nilimwandika katika damu nikapita zangu. Mke wa Fundi Makame ndiye aliyenionyesha. Akaniambia nisisikilize mdomo wa Mama Tabu, nitazame vitumbua vyake: vyote vilikuwa vimeungua chini. Tangu hapo mimi hutazama kwanza mikono ya mtu na kile mikono inachokifanya vibaya kuliko jana. Mfundishwe na yeyote anayejua, wanangu, hata kama amekuja kuazima moto tu.

Sasa nifike kwa Riziki.

Bibi Mwanaisha aliniita nyumbani kwake. Alikuwa mke wa tajiri mmoja aliyekuwa juu mtoni kutafuta pembe, na kwa miaka miwili alikuwa ameshika nyumba peke yake, funguo zote kiunoni. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, aliyeletwa bara akiwa bibi harusi, na alisema Kiswahili cha kwao bila kukipunguza hata kidogo. Akaniambia kuna kijakazi wake hawezi chakula. Hakupigwa, hakunyimwa kitu, hana kilichompata. Alisema kwa ukali, kama mtu anayejibu mashtaka.

Nikamkuta Riziki nyuma ya nyumba, ameketi kando ya jembe lake. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, aliyetekwa akiwa msichana huko ng'ambo ya Kabambare, kwa Wabangubangu, na jina la Riziki alipewa katika nyumba hii. Alisogea polepole na kusema polepole. Nilimshika mkono kupima mshipa, nao ulikuwa baridi. Nilihesabu dalili kwa vidole: uzito, ukimya, kukosa hamu, baridi. Balghamu iliyochanganyika na sauda, nikasema, nikafurahi kwa siri kupata mchanganyiko adimu. Sikumwuliza neno moja. Bibi alikuwa amekwisha kunijibia.

Nikaamuru yaleyale ya Fundi Makame. Wakamwingiza katika chumba cha giza. Nikamfunika kichwa kwa shuka, mimi mwenyewe. Jembe nikalichukua mwenyewe, nikalitundika juu ya paa la jiko asilifikie, na nikakataza asipike, asilime, asisemeshwe. Kombe nililomwandikia siku ile lilikuwa zuri kuliko yote niliyopata kuandika.

Siku ya tatu alikunywa kombe na kukataa uji. Siku ya tano alilowesha midomo tu. Siku ya saba niliingia na sahani, nikaona mifupa ya mabega imesimama chini ya kaniki kama miti ya hema. Nikakaa chini. Sijui kama nilikuwa na hekima au nilikuwa na hofu tu, lakini nilimwuliza kinachomwua.

Akajibu polepole, bila kunilaumu. "Wewe ulijua, Maalimu. Ulinifunika kichwa. Ulininyang'anya jembe. Ukasema nisipike. Ni vile watu wa kwetu wanafanyaka mutu akifiwa na mama."

"Umefiwa na mama?"

"Mupagazi mumoja wa Kabambare aliniambia. Mwezi umepita. Mimi nililima, nikapika, nikasema labda kilio hakitanikuta. Wewe ukanitia ndani ya kilio. Sasa nani atanitoa?"

Nikaelewa kidogo kidogo, kwa maswali ambayo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Kwa watu wake, binti aliyefiwa na mama huwekwa chini: kichwa hufunikwa, jembe na chungu huondolewa mikononi. Hukaa hivyo mpaka ndugu wa upande wa mama aje, ampeleke mtoni, amwogeshe, amrudishie jembe mkononi. Hapo ndipo huruhusiwa kula kama walio hai. Mimi nilitimiza nusu ya kwanza ya desturi ile kwa ukamilifu ambao hata mzee wa kwao asingeushinda. Nusu ya pili ilikuwa ng'ambo ya Kabambare. Katika nyumba ya Bibi Mwanaisha alikuwa Riziki tu, mtu asiye na mama wa kufiwa naye, na ndiyo sababu hakuwa amemwambia yeyote.

Nilikimbilia jikoni, nikaliangua jembe, nikamletea. Alilitazama kama unavyotazama kitu cha mtu mwingine. Haikuwa kazi yangu kumrudishia. Mwalimu Hamadi nilipomweleza, alisema kitabu hakikukosea kuhusu mshipa wake. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu hapo: tabia ya mtu ni udongo, na yaliyompata ni mvua, na mimi nilikuwa nimepima udongo tu nikatangaza mavuno.

Basi nikaenda kumwomba Bibi Mwanaisha ruhusa ya kumpeleka Riziki kwao. Alicheka kicheko kifupi.

"Ukimfikisha huko, atarudi?"

"Akibaki hapa, Bibi, atakufa kabla mwezi haujaandama."

"Nimekuuliza jingine, Maalimu."

Nilisema nitamrudisha. Niliapa. Nami nilikuwa kijana ambaye hakuwahi kusema uongo, kwa hiyo sikujua kwamba neno linaweza kuwa kweli asubuhi na kuwa dhambi jioni. Akataka rehani. Sikuwa na kitu cha thamani isipokuwa kitabu changu cha tiba. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakitia ndani ya sanduku lenye kufuli la shaba, na ufunguo ukarudi kiunoni.

Tulikwenda siku saba. Wanaume wawili walimbeba kwa machela, nami nikatembea kando nikimlowesha midomo kwa maji ya muwa. Njia ile naikumbuka kama kitu nilichosimuliwa usingizini. Nyasi ndefu kuliko watu, zikifunga nyuma yetu kama maji. Vijiji vitupu, vibuyu vikitambaa juu ya mapaa yaliyoanguka. Vipepeo weupe wakinywa jasho mabegani mwa wabebaji, na wabebaji wakiwaacha. Siku ya nne Riziki alianza kutaja vitu: kilima hiki, mti ule, kijito hiki kina kaa. Alitaja kwa lugha ya kwao, na sauti yake ilikuwa ya msichana. Mbebaji wa mbele alinong'ona kwamba mgonjwa huyu anatutangulia. Nilipita njia hiyo nikijua wali nilioula tangu utoto ulipandwa na watu walioletwa kwa njia hiihii, wakitazama upande mwingine. Sikuwa nimelifikiri hilo chuoni, na hapakuwa na ukurasa wake.

Ng'ambo ya Kabambare tukamkuta mama yake mdogo, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, akianika muhogo. Alimtazama Riziki kwenye machela, akanitazama mimi na kanzu yangu, akauliza ni nani aliyemweka binti yake kilioni bila ndugu kuwapo.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni wa ukoo gani?"

"Mimi ni maalimu."

"Ukoo huo siujui," akajibu, na wanawake waliokuwa uani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilistahili.

Walimshusha Riziki hadi mto Luama asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Wanaume tulikaa mbali, kwa hiyo nilisikia tu: maji yakimwagwa, mtu akilia kilio kirefu kilichokuwa kimekawia mwezi na zaidi, halafu wengi wakilia naye, halafu kimya. Waliporudi alikuwa anatembea, ameshikwa kushoto na kulia. Mama mdogo akamtia jembe mikononi. Riziki alipiga ardhi mara tatu, mapigo dhaifu yasiyoweza kuotesha hata mahindi mawili, akaketi chini, akaomba chakula. Walimpa ugali wa muhogo na samaki. Akala. Akaomba kuongezewa. Nilikaa nikimtazama akitafuna kama nilivyokuwa nikiwatazama zamani watu waliosoma vizuri kuliko mimi.

Nilikaa siku kumi nikingoja apate nguvu za kurudi. Kila siku aliongeza kipande cha shamba. Siku ya kumi alinijia amefunga mzigo wake mdogo, akasimama mbele yangu. Alijua kiapo changu. Alikuwa ndani nilipokiapa. Hakuniomba chochote, na kutoniomba kwake kulikuwa kuzito. Nikijua sasa kwamba kiungo cha dawa yake kilikuwa watu wa kumwita kwa jina lake, ningemrudishaje mahali ambapo kiungo hicho hakipo, nikajiita tabibu? Nilimwambia afungue mzigo.

"Na kitabu chako?" akaniuliza.

"Nimekisoma," nikasema.

Kasongo niliingia peke yangu, saa ya adhuhuri. Nilitamani kupita kwanza kwa Mwalimu, lakini miguu ilinipeleka moja kwa moja nilikotakiwa. Bibi Mwanaisha alikuwa ukumbini, mkekani, na vijakazi wakamwacha walipoona nimekuja bila mtu. Alitazama nyuma ya bega langu, kama anayengoja mwingine aingie.

"Mtu wangu yuko wapi?"

"Amepona, Bibi."

"Sikukuuliza kama amepona."

"Najua. Jibu nililonalo ni hilo. Niliapa kumrudisha na sikumrudisha. Kitabu ni chako, na ukitaka kunishtaki kwa wakubwa, nitaungama."

Hakukasirika, na jambo hilo ndilo lililonitisha. Mikono yake ilikuwa juu ya funguo, ikizigeuza moja moja, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kucha zake zilikuwa zimetafunwa mpaka nyamani. Mwanamke yule ambaye mji mzima ulimwogopa kwa ukali wake, ambaye mimi nilimwandika zamani katika safura kwa wino usiofutika.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu, Bibi. Akaomba kuongezewa."

Nje mtu alikuwa anapeta mchele. Kisha Bibi Mwanaisha akavuta ukaja, kitambaa chake cha kichwani, akanyoosha mkono kuelekea kwangu, kiganja juu, kama wanavyonyoosha wagonjwa.

"Basi nitazame na mimi," akasema. "Mshipa wangu huu ni wa namna gani?"

Nilikwenda nikaketi mkekani, chini kidogo kuliko yeye. Mkono wake nikaupokea, lakini mshipa sikuutafuta.

"Sijui, Bibi," nikamwambia. "Nieleze habari za kwenu."